Siku Niliyouzima Moto wa Wamagana

Wiki nzima kabla ya ile Jumamosi nilibeba daftari dogo la kuandikia mambo yanayoweza kuharibika. Mvua inyeshe kabla paa halijaisha. Basi la shule likwame Ruring'u. Mzee aanguke kutoka juu ya fito. Mtoto akanyage msumari. Nyuki. Kwa nini nyuki, sijui. Niliamka tu siku moja nikiwawaza. Kila jambo nililipa mstari wake na mbele yake jibu langu: turubai, namba ya dereva, kamba, viatu. Mbele ya nyuki niliweka alama ya kuuliza. Jambo la mwisho nililipigia mstari mara mbili. Moto.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, digrii ya historia, na makumbusho madogo yaliyo kando ya barabara ya kwenda Tetu yalikuwa yamenichukua kwa mkataba wa miezi michache niwatembeze wageni. Kazi yenyewe niliiweza. Shida ilikuwa baada ya kazi. Nilirudi chumbani kwangu nikairudia ziara yote kichwani, sentensi kwa sentensi, nikitafuta mahali nilipokosea. Mgeni mmoja kutoka Doldol aliwahi kuniuliza kwa nini ngao zote ukutani zimeandikwa kuwa za Wakikuyu, ilhali moja inafanana kabisa na ya babu yake, ambaye hakuwa Mkikuyu. Nilimjibu kwamba nitauliza. Niliuliza, hakuna aliyejua, na kwa mwezi mzima kila nilipoifikia ile ngao nilikuwa naharakisha mwendo.

Sasa mkuu wa makumbusho alikuwa amepanga jambo kubwa. Kikundi cha akina mama wazee kutoka Wamagana, pamoja na wanaume wachache wa huko, wangekuja kujenga nyumba ya kale, nyumba ya mama, mbele ya wanafunzi. Baadaye nyumba hiyo ingetumika kila Jumamosi: akina mama wafundishe watoto kusuka viondo, kupika, kusimulia. Tuliiita programu ya jamii. Mimi ndiye niliyeandika ratiba.

Kiongozi wao alikuwa shosho, nyanya mwembamba aliyevaa sweta ya bluu na raba nyeupe. Katika mkutano wa kupanga alisikiliza ratiba yangu yote, dakika kwa dakika, kisha akasema neno moja tu.

"Nyumba inajengwa siku moja, na inaingia moto kabla jua halijaingia. Ikilala bila moto hiyo si nyumba. Tutaibomoa na hatutarudi."

"Tutanunua kibiriti," nikasema, nikiwa tayari na kalamu.

Akanitazama kwa huruma. "Kibiriti ni ya sigara. Nyumba inapewa moto na nyumba nyingine. Nitakuja nao mimi."

Mkuu akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaandika: saa kumi, moto kuingia. Halafu nikaenda kuuliza mahali pa kununua ndoo za kuwekea maji.

Siku ilipofika, wanaume walitangulia. Walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito kwa kamba za magome. Akina mama wakafika na matita ya nyasi mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, na hapo maneno yakaanza. Wengi walizungumza Kikuyu wakichanganya Kiswahili kwa ajili ya watoto wa shule, na hakuna aliyenyamaza.

"Nyinyi huko juu, mnajenga ama mnaota jua?"

"Tunangoja nyasi! Ama siku hizi mnaibeba moja moja?"

"Huyo fundi amezoea mabati. Mwambieni hii haina misumari!"

"Na nyinyi mmezoea gesi. Hata mtakumbuka kuchochea?"

Akina mama wakapiga kelele zote pamoja, wanafunzi wakacheka mpaka mwalimu akawaambia waandike. Baadaye nilielewa kwamba matusi hayo ndiyo kazi yenyewe. Upande unaotukanwa hauwezi kupunguza mwendo. Wakati ule sikuelewa. Niliogopa kwamba wanagombana kweli, nikamwendea mkuu nikamnong'oneza kama tuingilie. Akaniambia niende nikanywe chai.

Saa saba watu wote walikwenda nyuma ya jengo kula. Mimi sikuweza kula. Nilizunguka uwanja nikikagua: kamba, ngazi, viatu vya watoto. Paa lilikuwa nusu. Matita yaliyobaki yalikuwa yamepangwa kivulini kando ya ukuta, makavu kabisa. Na nyuma yake, hatua moja tu kutoka kwenye nyasi, uzi wa moshi ulikuwa unapanda.

Sikuwaza. Watu hunicheka nikisema hivyo, kwa sababu mimi huwaza hata kabla ya kuchagua upande wa barabara wa kutembea. Lakini hapo nilikimbia, nikashika ndoo, nikaimwaga yote. Kulikuwa na mlio mkali, mvuke ukanipiga usoni, kisha kimya.

Ilikuwa sufuria kuukuu, nyeusi, imefunikwa kwa kigae cha chungu. Ndani yake majivu yalikuwa yamegeuka uji. Niliingiza vidole nikatoa kaa moja, la mti wa muwati, zito na la baridi. Nikajua nilichoshika. Asubuhi nilimwona shosho akishuka kwenye pikapu akiwa na sufuria hiyo katikati ya miguu yake. Nilidhani ni chakula chake. Alikuwa ameutoa moto jikoni kwake Wamagana kabla ya mapambazuko, akaufunika kwa majivu ili usichoke, akauweka nyuma ya nyasi ili upepo usiupate.

Niliiweka ndoo tupu mahali pake. Nikarudisha kigae juu ya sufuria. Nikaenda nikasimama karibu na wanaokula, nikapewa sahani ya mukimo, nikaishika.

Kutoka saa saba na nusu mpaka saa kumi sikumwambia mtu. Nayaandika masaa hayo kwa aibu, lakini nayakumbuka kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku ile. Kazi ilikuwa imerudi kwa kasi. Paa lilipanda, akina mama wengine walikandika udongo kwenye kuta, wengine walikuwa ndani wakipanga mafiga matatu katikati ya sakafu. Kila aliyepita karibu na sufuria nilimfuata kwa macho. Mara mbili shosho aliitazama kwa mbali, akaona imefunikwa vizuri, akaendelea. Hilo la kuona imefunikwa vizuri ndilo lililoniumiza.

Nilifanya hesabu zangu. Nikisema, wataondoka. Watoto watapanda basi wakiwa wameona nyumba iliyokataliwa. Jumamosi zote zilizopangwa hazitakuwapo, na mkuu atalazimika kueleza kwa nini, na sababu itakuwa mimi. Nisiposema, shosho ataifungua sufuria mwenyewe.

Palikuwa na njia ya tatu. Stoo tulikuwa na nusu gunia la makaa, na mfukoni nilikuwa na kibiriti, maana nilikuwa nimekinunua hata baada ya kuambiwa kisinunuliwe. Nilikwenda nyuma ya stoo nikawasha karatasi za ratiba zilizozidi, nikaweka makaa matatu juu yake, nikapuliza. Yalishika. Yalikuwa mekundu, mazuri, na hakuna mtu duniani ambaye angeyatofautisha na ya Wamagana. Ningemwaga ule uji, nikaweka majivu makavu, nikafunika.

Kilichonizuia hakikuwa ujasiri. Nilianza, kama kawaida yangu, kuisikia ziara ya Jumatatu kichwani. Nimesimama mbele ya nyumba, watoto wa shule nyingine wananitazama, nasema: na moto huu ulitoka jikoni kwa mama mmoja wa Wamagana. Nikaisikia Jumanne. Nikaisikia mwaka ujao, kama mkataba utaongezwa. Sentensi ya ngao niliweza kuikimbia kwa kuharakisha mwendo. Hii ningelazimika kuisema kwa sauti, kila siku, mahali pale pale. Nikayakanyaga makaa kwa kiatu.

Shosho alikuwa mlangoni mwa nyumba mpya, anapangusa udongo mikononi.

"Shosho," nikasema, "moto nimeuzima."

"Upi?"

"Wako. Niliona moshi karibu na nyasi. Nikamwaga maji."

Mikono yake ikasimama. Mama aliyekuwa karibu naye akashika mdomo, akaita, "Uuui!", na wengine wakatoka ndani mmoja mmoja kuuliza nani amekufa. Ikabidi niseme tena, mara ya pili, kwa wote, na juu ya paa wanaume wakaacha kufunga.

"Umeumwagia maji?" akauliza mmoja. "Moto wa mtu?"

"Si huyu ndiye wa digrii?"

"Ndiye huyu."

"Digrii ya nini, kijana?"

"Ya historia."

"Historia ya maji?"

Kuna waliocheka. Shosho hakucheka. Alikwenda mpaka kwenye sufuria, akainua kigae, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkuu alikuwa amefika. Alinitazama mara moja tu, kisha akasema kwa upole kwamba angeweza kutafuta pikipiki ifike Wamagana na kurudi, kuna muda.

"Hapana," shosho akasema. "Umezimwa kwa maji. Kwangu hautoki mara mbili siku moja." Akageuza macho kwenye barabara. "Kwani hapa hamna majirani?"

Mkuu akakohoa kidogo. Nilitazama ng'ambo, kwenye ua wa michongoma na mabati ya nyumba za watu ambao niliwapita kila asubuhi tangu nianze kazi, na sikujua jina la hata mmoja. Kwenye programu ya jamii tulikuwa tumealika shule tatu, kanisa moja na watu wa Wamagana. Ng'ambo ya barabara hatukuwa tumealika mtu.

"Nenda uombe," shosho akaniambia, akanipa kigae. "Wewe uliyezima. Nyumba yenye mafiga, moto wa kuni. Na ukikuzimikia njiani usiniletee majivu. Rudi uombe tena."

Jua lilikuwa limeinama upande wa Nyandarua. Nilivuka barabara nikiwa nimeshika kipande cha chungu kama sahani ya sadaka.

Kwenye lango la kwanza mbwa alibweka na sauti ya msichana ikatoka dirishani: "Leo hatununui!" Nikaeleza kwamba siuzi. "Basi pia hatuchangi!" Kwenye la pili alitoka mama kijana mwenye mtoto mgongoni, akanisikiliza vizuri, akaingia ndani akarudi na kibiriti. "Chukua yote, kaka. Sisi ni gesi tu." Nikamshukuru, nikasema nahitaji wa kuni. Akarudi nyuma hatua moja. "Wa kuni wa nini?" Nilipomaliza kueleza alikuwa ameshafunga nusu ya chini ya mlango, na nilimsikia akimwambia mtu ndani kwamba kuna mwanaume nje anatembea na kigae.

Lango la tatu lilikuwa na kufuli. La nne lilikuwa na jiko la makaa, na limewashwa kwa kibiriti, niliuliza. Nilianza kuwaza kwamba pengine hakuna tena jiko la mafiga upande huu wa mji, kwamba shosho anajua hivyo, kwamba alinituma ili nikose. Niliwaza pia kwamba ningeweza kuendelea kutembea mpaka Ruring'u, nikaingia chumbani, nikazima simu.

Ndipo nilipouona moshi, nyuma ya shamba dogo la nyasi za nepia. Kibanda cha jiko, cha mbao, kimekuwa cheusi hadi nje. Mama wa miaka kama sitini alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, amenitazama kwa muda, inaonekana, nikijisemea peke yangu njiani.

"Wewe si wa makumbusho? Unapitanga hapa ukiangalia chini."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba moto."

Nilitarajia aulize wa nini. Akasema, "Huo wenu wa kwanza ulienda wapi?"

"Nimeuzima mimi. Kwa maji. Ulikuwa wa watu."

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Alipopata pumzi alijifuta macho kwa leso. "Mwanaume amekuja kuomba moto, na ni yeye ameua ule mwingine. Ngoja nikae chini."

Nikamweleza kuhusu nyumba, akina mama wa Wamagana, jua. Alisikiliza huku anakoroga githeri. Ndani, kuni mbili nene zilikuwa zinaungua polepole chini ya sufuria, na majivu mengi pembeni.

"Mimi naishi hapa kabla hata hiyo nyumba yenu haijakuwa makumbusho," akasema. "Hakuna mtu wa huko amewahi kuvuka barabara kuniomba hata chumvi."

"Hujawahi kuingia?"

"Kuingia ni tiketi. Na ningeenda kuangalia nini, chungu? Chungu si niko nayo hii."

Nikamnyooshea kigae. Hakukipokea.

"Moto wangu siupatii mtu wa kumwagia maji," akasema. Akaipua githeri, akachagua makaa manne kwa vidole, haraka, akayalaza kwenye majivu juu ya kigae chake mwenyewe, kikubwa kuliko changu. "Nitaubeba mimi. Wewe zuia upepo."

Tulivuka hivyo. Yeye mbele, kigae kifuani. Mimi nikitembea kinyumenyume upande wa upepo, koti langu limefunguliwa kama pazia, nikiangalia yale makaa na si barabara. Lori lilitupigia honi. Kaa moja likafifia. Akalipulizia bila kusimama, likarudi.

Langoni askari alinyoosha mkono. "Mama, tiketi."

"Na moto nao uko na tiketi?"

"Moto ni bure. Ni wewe."

"Ni jirani," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko niliyokusudia. "Ni jirani yetu. Amekuja na moto." Askari akanitazama, kwa sababu sikuwahi kumwambia neno zaidi ya habari ya asubuhi. Akasogea.

Akina mama walikuwa wamekaa chini mbele ya nyumba. Walikuwa wameacha kutukanana, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Wanafunzi bado walikuwepo. Dereva wao alikuwa amelala. Shosho aliinuka alipomwona mgeni, na badala ya kuutazama moto alimtazama yeye. Wakasalimiana kwa Kikuyu, polepole, wakaulizana wameolewa wapi, ukoo gani, wazazi walitoka ng'ambo ipi ya mto. Jua lilikuwa limegusa mlima. Nilitaka kupiga kelele. Waliendelea. Mpaka pale shosho alipopata jina la mtu mmoja ambaye wote wawili walimjua, marehemu siku nyingi, ndipo aliposogea mlangoni akasema, "Ingiza."

Waliinama wakaingia pamoja. Kutoka nje nilisikia matawi makavu yakivunjwa, mtu akipuliza, mtu akikohoa. Halafu moshi ukaanza kutoka kwenye nyasi za paa, mweupe, kila mahali kwa wakati mmoja, nami nikajua kwa hakika kabisa kwamba nyumba inaungua. Nilipiga hatua. Mkuu alinishika mkono wa shati.

"Ndivyo unavyotoka," akasema. "Nyumba hizi hazina bomba la moshi."

"Mnatukausha kama nyama!" wanaume wakalia kutoka juu.

"Si mlisema hatujui kuchochea?" ikajibu sauti kutoka ndani, na akina mama wote wakapokea, na kelele ikarudi kama ya asubuhi.

Baadaye, watoto wakiwa wamepanda basi, shosho alinipitia akiwa na sufuria yake tupu. Hakuniambia nimesamehewa. Aliniambia Jumamosi ijayo watafika saa tatu, niandike. Mkuu pia hakusema lolote, na nilijua kwamba nitalichambua lile kutosema kwake kwa siku kadhaa.

Jirani alikuwa wa mwisho kutoka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Alisimama akitazama paa, kisha nguzo, kama mtu anayekagua nyumba ya binti yake.

"Kesho mnafunga?"

"Jumapili huwa tunafunga."

"Na moto?"

Sikuwa nimewaza. Katika daftari lote, kurasa zote zile, nilikuwa nimeandika namna ya kuzuia moto na namna ya kuuzima. Hakuna mahali nilipoandika nani atauamsha kesho yake.

"Utafukiwa usiku huu kwa majivu, nimeshafanya," akasema. "Lakini asubuhi lazima mtu aufunue, aweke kuni. Ukifa siku ya kwanza hao wa Wamagana watasema mimi ndiye nilileta moto mgonjwa. Nitaingiaje kama kumefungwa?"

Funguo za lango zilikuwa kwa mkuu, na mkuu alikuwa ameshaondoka. Askari wa Jumapili simjui vizuri. Kuna sheria kuhusu watu kuingia siku isiyo ya kazi, na kwa mkataba kama wangu kuna sheria zaidi. Yote hayo yalinipitia kichwani kwa mpigo, na alikuwa ananingoja.

"Njoo saa moja," nikasema. "Kabla ya kanisa. Nitakuwa hapa langoni."

"Na ufunguo?"

"Nitaupata."

Akanitazama kama anayepima uzito wa kitu. "Usije na maji," akasema, akavuka barabara.

Nilitoa simu nikaanza kumwandikia mkuu ujumbe. Niliufuta mara nne. Wa tano niliutuma ukiwa na kosa la kuandika katikati, nikabaki nimesimama langoni, nikisubiri aone.